Dume wa sungura wa wiki 11, korodani hazionekani: ni kasoro?

MfugajiGanda
Salaam wenzangu. Nina sungura madume watano wa mzao mmoja, aina ya New Zealand weupe, wametimiza wiki 11. Watatu korodani ziko wazi. Mmoja naona ya kushoto tu, na wa tano sioni kitu. Nataka kubakisha mmoja wa mbegu. Hao wawili niwachinje au nisubiri?

BandaLaGede
Subiri, ndugu. Korodani hushuka kati ya wiki ya 10 na ya 12, na ndugu wa tumbo moja hawashukishi siku moja. Isitoshe, kwa sungura ile njia ya kinenani zinamopita korodani haifungi maisha yake yote. Akishtuka au akishikwa vibaya huzivuta zikarudi tumboni, ukadhani hana.

Mpime asubuhi kabla ya jua kali, akiwa ametulia. Mlaze chali mapajani, ushike makalio vizuri asirushe miguu akavunja mgongo. Kwa kidole gumba sukuma taratibu kutoka tumboni kuelekea kinenani. Tafuta vifuko viwili virefu visivyo na manyoya, kimoja kila upande, mbele kidogo ya uume. Usiangalie katikati kama kwa mbuzi.

Huyo wa tano mhakikishe kwanza kama ni dume kweli! Bonyeza ngozi kandokando ya tundu la mkojo: dume hutoa kimrija chenye ncha ya duara, jike huonyesha mpasuo unaoelekea mkunduni. Kabla ya wiki ya 8 ngozi bado imeshikana na uume, usilazimishe, utamchubua.

MfugajiGanda
Ahsante sana. Ikifika wiki ya 16 bado ni moja?

BandaLaGede
Huyo ni wa kitoweo. Anaweza kupandisha kwa ile moja, lakini kasoro hii huweza kurithiwa, usiieneze bandani.

DaktariMifugo_Pwani
Naongezea. Watenganishe sasa, kila dume kizimba chake. Wakianza kubalehe hupigana, na kidonda cha kwanza huwa kwenye vifuko hivyohivyo, vikachanika.

Korodani kushuka si ruhusa ya kupandisha. Mbegu za kwanza huonekana kwenye manii karibu siku ya 110, nazo huwa chache na dhaifu. New Zealand mwanzishe miezi 5 hadi 6, mara mbili kwa wiki, na jike ndiye apelekwe kwa dume. Uwezo kamili hufika karibu wiki ya 32.

Na hapa Malindi tazameni sana joto la kaskazi. Likizidi nyuzi 30 mfululizo, mbegu huharibika. Mbegu moja huchukua kama wiki 7 kutengenezwa, kwa hiyo joto la Machi utalilipia hadi Mei: dume anapanda vizuri, majike hayashiki mimba, na watu humlaumu jike. Ezekeni makuti badala ya mabati, acheni upepo wa bahari upite, na mchana wekeni chupa ya maji yaliyoganda kizimbani aiegemee.