Mjadala: Deni la simu za mkopo, tuwalaumu vijana au tuilaumu bei isiyotajwa?

Imedaiwa katika mjadala huu kwamba vijana wa Nairobi wanazama katika madeni kwa sababu ya kupenda makuu, na kwamba anayechukua simu ya mkopo ilhali hana kazi ya kudumu asitafute wa kumlaumu. Sikatai kwamba tamaa ipo, lakini naipinga hoja hiyo, kwani haigusi namna biashara yenyewe inavyoendeshwa.

Katika maduka ya simu ya Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, mteja wa mkopo hutajiwa kwanza malipo ya awali na kiasi cha kila siku, wala si bei kamili. Tuchukue mfano wa kukadiria: simu ya Sh15,000 taslimu inatolewa kwa Sh3,000 za kuanzia, kisha Sh60 kila siku kwa mwaka mzima. Mwendesha bodaboda, ambaye riziki yake huja kwa siku, husikia Sh60 na kuona kwamba anazimudu, na kweli anazimudu; ila siku 365 zikitimia atakuwa amelipa Sh21,900 juu ya zile Sh3,000. Amekopeshwa Sh12,000, akaongeza Sh9,900 juu yake, yaani zaidi ya asilimia 80. Tena, kwa kuwa deni hupungua kila siku anapolipa, riba halisi ya mwaka inapita hapo kwa mbali. Angetajiwa kiwango hicho benki, sidhani kama angetia sahihi.

Siku ambayo salio la M-PESA halitoshi, Fuliza, huduma ya mkopo wa papo hapo ya M-PESA, hujazia, nayo ina ada zake. Deni moja linalipwa kwa deni jingine, na mwenyewe huhesabu kwamba amelipa.

Wanaotetea wauzaji husema kwamba kuifunga simu ya asiyelipa kwa mbali, isitumike hadi alipe, ndiko kunakomwezesha kijana asiye na hati ya mshahara wala mdhamini kukopeshwa. Hilo ni kweli, na wanaotaka mikopo hii ipigwe marufuku hawajatuambia kijana huyo ataenda wapi. Lakini simu ya mwendesha bodaboda ndiyo inayompatia abiria. Ikifungwa, anazuiwa kuzitafuta zile zile Sh60 anazodaiwa.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2024 imewaweka wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo hawa wa nunua sasa ulipe baadaye, chini ya Benki Kuu ya Kenya. Kwa hiyo mwenye mamlaka yupo. Ninachopendekeza ni kwamba muuzaji alazimishwe kuandika bei ya taslimu, jumla ya malipo yote na riba ya mwaka kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, kabla hajapokea malipo ya awali, na kwamba simu isifungwe kabla ya siku chache za kungoja kupita.

Wanaoamini kwamba masharti haya yatawafukuza wakopeshaji sokoni, naomba watueleze ni biashara gani ya halali inayoporomoka mteja anapoijua bei.