Siku ya chakula cha Kusini huku ughaibuni: tupike nini, na tulete nini kutoka Mtwara?

Kutoka: Katibu wa kamati ya maandalizi, Leicester

Mama, shikamoo. Salaam pia kwa wanajumuiya wote wa Mtwara na Lindi, mlio Uingereza na mlio nyumbani.

Kamati imekubaliana kwamba siku yetu ya chakula cha asili ifanyike Jumamosi iliyo karibu na tarehe 10 Desemba. Tarehe hiyo vuguvugu la Slow Food, lililoanzia Italia, liliitenga mwaka 2009 na kuiita siku ya Terra Madre, ili jamii mbalimbali duniani zipike na kula vyakula vya kwao pamoja na majirani zao. Ukumbi tumekwisha kuupata, na wapishi wamejitokeza. Lililobaki ni mgawanyiko wa mawazo ambao hatutaki utufikishe kwenye siku yenyewe. Wengi wanataka ming'oko, ile mizizi ya porini, iletwe kwa ndege kutoka nyumbani, wakisema bila hiyo hakuna Kusini. Wengine wanasema tusijisumbue, tupike pilau na sambusa kwa kuwa ndivyo wageni wanavyovipenda. Mama, wewe uliishi huku miaka mingi kabla ya kurudi Mtwara, kwa hiyo tunaomba ushauri wako. Na yeyote mwenye uzoefu wa sheria za hapa kuhusu chakula cha hadhara, tafadhali atuandikie.

Kutoka: Mama wa Shangani, Mtwara

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kupata ukumbi mapema.

Nianze na ming'oko, kwa kuwa najua ndiyo inayowatoa watu udenda. Iacheni nyumbani. Ming'oko ni mizizi ya porini ambayo akina mama huichimba vichakani wakati wa kiangazi, wakaichemsha na maganda yake na kuiuza kwa mafungu, nawe ukaimenya kwa kucha huku unaendelea na safari yako. Utamu wake uko katika kuliwa ingali mpya. Ikifika Desemba mvua zimeanza na msimu wake umepita, na hata mngebahatika kuipata, mizizi mibichi inayoingia Uingereza kutoka Tanzania hudaiwa cheti cha afya ya mimea, ambacho msafiri wa kawaida hana. Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba ming'oko hailimwi. Tukianza kuitafuta kwa magunia kwa ajili ya sherehe za nje, tunalielemea pori lilelile ambalo jirani zangu hulitegemea kwa chakula na kwa fedha ndogo ndogo za nyumbani, halafu tunasimama ukumbini kuwaeleza Waingereza habari za chakula endelevu. Hilo siliafiki.

Pilau na sambusa sina ugomvi navyo, maana vinapikwa Mikindani na Lindi kama vinavyopikwa pwani yote. Lakini watu wa Leicester wanavijua tayari, tena wanavipika vizuri.

Chakula ninachowaomba mkiweke katikati ya meza ni mbaazi za nazi, na ninaomba hivyo kwa sababu ya mji mliomo. Leicester imejaa Wagujarati, na wengi miongoni mwao ni familia zilizotoka Afrika Mashariki. Mbaazi wanaziita tuvar, na hawakai wiki bila kuzila. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi hulima mbaazi kwa wingi, na mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania ni India, kiasi kwamba India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa nchini humo mwezi Agosti 2017, bei huku ilianguka vibaya na wakulima wakabaki na magunia ndani. Zao letu lilikuwa limetegemea mlango mmoja, na mlango huo ulipofungwa hatukuwa na wa pili. Kwa hiyo mtakapompakulia mama wa Kigujarati wa Belgrave Road sahani ya mbaazi za nazi, mtakuwa mnampa chakula anachokijua kwa mapishi asiyoyajua, na mtakuwa na jambo la kweli la kumweleza kuhusu mkulima wa Masasi au Nachingwea. Hakuna sambusa itakayowafungulia mazungumzo ya namna hiyo.

Mnunue mbaazi nzima, si zilizoparazwa. Mtazipata katika maduka ya Wahindi, na katika maduka ya watu wa Karibi huuzwa kwa jina la gungo. Zichambueni, mziloweke usiku kucha, mmwage maji hayo, kisha mzichemshe kwa maji mapya bila chumvi mpaka ukiibinya moja kati ya vidole viwili ipondeke bila kubakiza kiini kigumu. Hapo ndipo mtie tui jepesi, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, mwache vichemke taratibu hadi tui liingie ndani ya mbaazi, na tui zito lije mwisho kabisa pamoja na chumvi. Mpishi akoroge kwa kugeuza upawa kutoka chini kwenda juu ili zisivurugike. Tui zito likishaingia moto uwe mdogo, kwa sababu likichemka kwa nguvu linakatika, na mbaazi zenye tui lililokatika hazina heshima mezani.

Ugali wa muhogo uwepo, ila naomba mnisikilize kwa makini. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na bibi zetu waliijua dawa yake, yaani kuloweka, kuvundika na kuanika kwa siku za kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vijiji vya mkoa wetu wa Mtwara vilipata ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona. Ugonjwa huo huwapata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, mara nyingi wakati wa shida ya chakula, huku wakiwa hawana kitoweo cha samaki, nyama au kunde. Siwaambii haya kuwatisha. Ninachotaka ni kwamba atakayesimama kueleza chakula chetu aeleze pia ujuzi unaokifanya kiwe salama, kwa kuwa ujuzi huo ndio urithi wenyewe.

Unga wa muhogo wa dukani wenye kifungashio kinachoeleza ulikotoka hauna shida, na kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Lakini mtu akiwaletea unga wa makopa, yaani wa muhogo uliokaushwa, kutoka kijijini, fanyeni walivyofundishwa wenzetu wa vijiji vilivyopata konzo. Weka unga mkavu katika bakuli, usawazishe, na utie alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku unachanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena, na ukifika kwenye alama yako simamisha maji. Utandaze juu ya mkeka safi, unene wake usizidi sentimita moja, ukae kwa muda wa saa 2 juani au wa saa 5 kivulini, ili sumu itoke kama hewa. Jua la Desemba la huko silitegemei, kwa hiyo tumieni chumba chenye joto na dirisha lililo wazi, mwanzie asubuhi, na ugali usongwe siku hiyohiyo.

Kisamvu msihangaike nacho. Wakongo wanakiuza kikiwa kimetwangwa na kugandishwa, wanakiita pondu. Kichemsheni vizuri, sufuria ikiwa wazi, kabla ya kutia karanga na nazi.

La mwisho ni korosho. Msimu wetu huanza Oktoba, hivyo Desemba ni wakati wake hasa. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua, pamoja na malipo yake, hufanyika huko. Ninawaomba mnunue zilizobanguliwa hapahapa na vikundi vya akina mama. Mtu anaweza kuja nazo kwenye begi.

Kutoka: Mwanajumuiya, Reading

Nimesoma maelezo ya Mama na ninayaunga mkono, isipokuwa hilo la begi, ambalo naomba tulirekebishe kwa heshima. Nafuu anazopewa abiria anayeingia Uingereza, kwa mfano ruhusa ya kuja na samaki hadi kilo 20, ni kwa matumizi yake mwenyewe na nyumba yake. Nyama na maziwa kutoka Tanzania haviruhusiwi kabisa. Kitu kilichoingia kwa nafuu hiyo hakipaswi kuuzwa ukumbini, hata kama fedha zote zinakwenda msikitini, kanisani au shuleni. Kwa hiyo ng'onda, yaani samaki mkavu, atakayeletwa na mgeni wa mtu aliwe nyumbani kwa mtu huyo, na korosho za kuuza zipite kwa mfanyabiashara anayeziingiza kwa utaratibu na mwenye karatasi zake.

Kuhusu halmashauri, sherehe ya mara moja inayoendeshwa na watu wa kujitolea kwa kawaida haidaiwi kusajiliwa kama biashara ya chakula. Mkianza kuuza kila mwezi, huo ni mpango mwingine, na usajili hutakiwa siku 28 kabla ya kuanza. Nashauri mpige simu halmashauri mapema na mwandike jina la ofisi iliyowajibu na tarehe. Kama hakutakuwa na pombe ya kuuzwa, wala chakula cha moto kinachouzwa baada ya saa 5 usiku, kwa kawaida mtaepuka pia notisi ya tukio la muda, yaani taarifa rasmi kwa halmashauri, ambayo hapa Uingereza hulipiwa pauni 21 na kupelekwa si chini ya siku 10 za kazi kabla. Mimi nisingeweka pombe hata kidogo, kwa kuwa wazee wetu wengi hawataingia.

Jambo la mzio ndilo linalostahili kazi kubwa kuliko yote. Sheria ya hapa inataja viambato 14 ambavyo mlaji lazima aelezwe, na meza ya Kusini imevibeba vingi: karanga kwenye kisamvu, korosho, ufuta wa Lindi kwenye kashata, samaki, kamba, pweza. Kila sufuria iwe na kadi yake, kila chakula kiwe na upawa wake, na vyenye karanga na korosho vikae meza ya peke yake, mbali na vingine. Nilipokuwa naipitia orodha hiyo niliona jambo lililonifurahisha, kwamba mbaazi hazimo na nazi haimo. Mbaazi za nazi zilizopikwa kama Mama alivyoeleza, bila kuongezwa kitu, hazina hata kimoja kati ya vile 14. Zaidi ya hayo Mwislamu atazila, Mhindu asiyekula nyama atazila, na mzazi wa mtoto mwenye mzio wa karanga atajua kwamba karanga haimo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuziweka katikati, na mimi ningeandika hivyo kwenye kadi kwa herufi kubwa. Soma tu lebo ya tui la kopo kwanza, kwa kuwa viwanda vingine huchanganya.

Chakula cha moto kikae katika nyuzi 63 au zaidi, na kile cha baridi kisizidi nyuzi 8. Nunueni kipimajoto, ni cha bei ndogo. Chakula cha nazi huchacha haraka, na ukumbi uliojaa watu huwa na joto kuliko mnavyodhani, kwa hiyo msiweke sufuria zote mezani kwa pamoja. Nusu zibaki jikoni juu ya moto. Hata ikitokea moto umezimika, kanuni inawapa saa 2 tu za kukipakua, kisha kilichobaki kipashwe sawasawa au kimwagwe.

Kutoka: Katibu wa kamati ya maandalizi, Leicester

Mama, na kaka wa Reading, ahsanteni sana. Kamati imekaa jana. Ming'oko imeondolewa, na aliyekuwa anaipigania zaidi amekubali kuielezea kwa picha na maneno. Mbaazi za nazi ndizo chakula kikuu, zikifuatwa na ugali wa muhogo wa unga wa dukani, kisamvu, na samaki wa kununuliwa hapahapa. Pilau itakuwepo kwa sufuria moja, kwa ajili ya watoto wetu.

Tumebaki na swali la korosho. Mmoja wetu ana kampuni inayoingiza bidhaa na yuko tayari kushughulikia karatasi. Je, tuwalipe vipi hao akina mama?

Kutoka: Mama wa Shangani, Mtwara

Kaka wa Reading amesema sawa kuhusu begi, na ninashukuru.

Wanakikundi walipwe kwa kilo ya korosho iliyobanguliwa na kuchambuliwa, kwa bei watakayoitaja wao wenyewe, na nusu itangulie, kwa sababu lazima wanunue ghafi kwa fedha taslimu msimu ukifunguka. Msiwaombe punguzo kwa kisingizio kwamba ni jambo la kwetu. Wapeni muda pia: kubangua kwa mkono bila kuvunja kokwa ni kazi ya polepole, mafuta ya ganda huunguza ngozi, na kokwa nzima ndizo zenye bei. Kwenye kila pakiti iandikwe kijiji na mwaka wa mavuno. Huyo mwenye kampuni anipigie kabla ya mwisho wa Septemba, nimuunganishe nao moja kwa moja, nami nikae pembeni.

Mbaazi za mwaka huu nunueni huko huko Belgrave. Kama mnazitaka za nyumbani kwa mwaka ujao, mwezi Agosti nitakuwa viwanja vya Ngongo, Lindi, kwenye Nane Nane, ambako wakulima wa mikoa yote miwili hukutana na mbaazi mpya zinakuwa zimeanza kuvunwa. Nileteeni idadi ya kilo kabla ya hapo, pamoja na masharti ya karatasi anayohitaji mwenye kampuni, ili mkulima ajue mapema anachodaiwa.