Fundi wa masanduku, miaka 43, sijui kusoma. Nianzie wapi?

FundiSanduku
Wadau salamu. Hii siandiki, naongea tu nimebonyeza ile maiki ya kibodi simu inaandika yenyewe, kwa hivyo mkiona vitu haziko sawa mnivumilie. Majibu pia simu itanisomea, inasoma Kiswahili kaa mzungu ameshikwa na homa lakini tunaelewana.

Niko na miaka 43, fundi hapa Kamukunji juakali. Masanduku za shule, karai, majiko, bati yoyote nipatie nitakunja. Nambari ziko sawa kabisa, tepu nasoma, geji 28 na geji 30 najua kwa kugusa tu, na pesa huwezi niibia hata shilingi. Matatu napanda kwa nambari na rangi. Lakini herufi, hapana. Niliacha shule darasa la kwanza haijaisha, mzee alifariki nikapelekwa kuchunga mbuzi za wenyewe, hiyo stori iishie hapo.

Sasa sanduku ya shule lazima iandikwe jina na kuna kijana mchoraji hapo jirani huwa nampea 50 ananiandikia, miaka yote hakuna mtu amewahi jua. Januari hii watoto wakirudi shule kijana akaenda ocha kwa matanga, mama mmoja akaniletea karatasi iko na jina ya msichana wake, Joy. Herufi tatu. Nikasema hii nachora tu kaa picha. Nikachora na rangi nyeupe, vizuri sana. Mama akaangalia, akanyamaza, akaniuliza kwani hii ni nini, kumbe ile J nimeipindua inaangalia upande ingine. Nikamwambia nimesahau miwani.

Sina miwani. Sijawahi kuwa na miwani maisha yangu lakini nimeisahau nyumbani mara elfu moja, kwa benki nimesahau miwani, hospitali nimesahau miwani, mkutano wa wazazi nimesahau miwani.

Kilichonileta hapa ni chama yetu ya kuchanga pesa. Mafundi 18, wamenichagua mweka hazina ju ati mimi sikunywi na siibi, naanza mwezi ujao na kuna kitabu ya kuandika majina na pesa. Ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nilionyeshwa iko kwa kanisa moja huku karibu na hapo ndio nusu ya wateja wangu wanaabudu. Bibi yangu hajui, ama anajua na ananyamaza. Nifanye nini?

Kijana_wa_Umo
43 na unaogopa buda? Si kuna yule mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, 2004 aliingia darasa la kwanza pale Kapkenduiywo Eldoret akiwa na miaka 84, amevaa kaptula na soksi ndefu na amekaa na watoto wa miaka sita. Alikuwa anashuku mhubiri hasomi Biblia venye imeandikwa akataka kujionea. Wewe bado ni mtoto.

FundiSanduku
Maruge nilimwona kwa tivii. Lakini mzee wa 84 akienda shule watu wanapiga makofi. Fundi wa 43 akienda wanauliza, kwani miaka yote ulikuwa unatuandikia risiti aje?

Shosho_Dandora
Mwanangu nimekusikia. Mimi nilianza nikiwa na 51, nilikuwa nauza mboga. Siku ya kwanza nilibeba kikapu, daftari chini sukuma wiki juu, ndio watu wafikirie natoka soko. Kuingia darasani namkuta nani, jirani yangu wa ploti, mlango kwa mlango miaka tisa, na yeye alikuwa amebeba kikapu. Tulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje kwanza. Kwa hivyo hao wateja unaogopa, wengine utawapata ndani wamekaa dawati la nyuma.

Karo sikulipa, nilinunua daftari na penseli basi. Chenye kiliniumiza ni mkono. Vidole zimezoea mwiko na jembe, penseli ilikuwa inavunjika kila saa na nikitoka hapo kidole cha gumba kinauma kaa nimekama ng'ombe kumi. Hiyo hakuna mtu huwa anakuambia.

Kayole_Mdaku
Mimi nitasema ukweli hata mkinitusi. Kataa hiyo kazi ya hazina. Chama yetu ilivunjika juu ya kitabu, na mwenye alikuwa anaandika alikuwa na diploma. Sasa wewe ikipotea elfu tatu watasema ni nani?

Mtu_wa_Huruma
@Kayole_Mdaku sasa diploma ilisaidia nini hapo? Nyanya yangu alishika pesa za chama na maharagwe kwa kopo, kila mtu kopo yake, na hakuna shilingi ilipotea.

Mwalimu_wa_Jioni
Nimefundisha ngumbaru miaka kadhaa, niseme kidogo.

Hiyo J iliyopinduka isikutishe, kila mwanafunzi wa kwanza hupindua, subiri ufike b na d ndio utajua haujui. Anza na Kiswahili, Kiingereza iache kabisa kwa sasa, ju Kiswahili kinaandikwa venye kinasikika. Chukua neno lako mwenyewe, bati. Ba be bi bo bu. Ta te ti to tu. Ukishika hizo kumi tu tayari unaandika bati, bata, babu, tabu, tibu. Hii sio uganga wangu, kuna Mbrazil Paulo Freire, 1963 huko Angicos, alianza na maneno ya kazi na maisha ya watu wenyewe, wakulima na vibarua kama 300, masaa kama 40 wakawa wanasoma. Wewe usijiwekee masaa, una kazi na una familia, jipe miezi.

Kuhusu kanisa, si lazima hapo. Uliza ofisi ya elimu ya watu wazima ya sabkaunti ama kwa chifu, watakuambia madarasa mengine, panda matatu uende mtaa mwingine.

Chama, usikatae. Waambie katibu ndiye ataandika na wewe utahesabu mbele ya watu wote. Lakini usiweke sahihi kwa kitu haujasomewa na watu wawili tofauti.

Na ya mwisho, hiyo miwani. Ukishapita 40 lenzi ya jicho inakuwa ngumu na vitu vya karibu vinapotea, ni kawaida. Nimepoteza wanafunzi wazuri hivi, wanasema kichwa yao haishiki kumbe ni macho. Nenda upimwe kabla ya kununua daftari.

Kijana_wa_Umo
Kumbe kweli umesahau miwani 😂

FundiSanduku
Wadau nimerudi, ni wiki tano. Bado naongea na maiki, msifikirie nimekuwa profesa.

Nilipimwa macho, niko na miwani ya kusoma, ya kweli sasa. Bibi nilimwambia usiku taa ikiwa imezimwa. Akaniambia alijua tangu mwaka wa kwanza, ju nilikuwa nashika gazeti na naangalia picha za mpira kwa dakika ishirini. Sikujibu. Asubuhi nikapata ameniwekea penseli tatu kwa mfuko ya koti.

Darasa nilienda ya mbali, matatu mbili. Chama nikawaambia katibu aandike, hakuna mtu aliuliza mbona, walikuwa wanataka tu kujua nani anaanza kupewa.

Swali kwa mwalimu. Jana nilikuwa na kile kitabu cha chama nasoma majina polepole, Otieno nimetoa, Baraka nimetoa, nikafika kwa Ng'ang'a nikakwama. Hiyo kitu ndogo juu, imekaa kaa nzi, mara mbili, nilijaribu kuipangusa. Ni ya nini?

Mwalimu_wa_Jioni
Usipanguse! Hiyo ikikuwa hapo ni ng'ombe. Ukiitoa ni ngoma.

FundiSanduku
Eeh. Sawa. Na Mung'aro anaandikwa na nzi?

Mwalimu_wa_Jioni
Anaandikwa nayo. Mungai hana.