Naomba ushauri: Devdas ya 1955 au ya 2002?

Muulizaji (Tanga): Waungwana, salamu kwenu. Kikundi chetu cha akina mama hutazama filamu za zamani na kuzijadili, na safari hii zamu ya kuchagua ni yangu. Nimependekeza Devdas, filamu ya India yenye kisa kilichotokana na riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917. Wakubwa wanataka ile ya Bimal Roy ya 1955, ambamo Suchitra Sen ni Paro, mpenzi wa Devdas tangu utotoni, na Vyjayanthimala ni Chandramukhi, mwanamke wa danguro anayempenda Devdas. Wadogo wanaing'ang'ania ya Sanjay Leela Bhansali ya 2002, ambamo Aishwarya Rai ni Paro na Madhuri Dixit ni Chandramukhi. Jioni moja haitoshi filamu mbili. Ningependa tuwazungumzie wanawake hawa wawili kuliko ulevi wa Devdas. Nichague ipi?

Msomaji wa Unguja: Dada yangu, chagua ya 1955 bila kusita. Bimal Roy alikuwa mpigapicha wa Devdas ya Kihindi ya 1936, kwa hiyo alikijua kisa hiki kwa ndani, na hakuona haja ya kukipamba. Mtazame Vyjayanthimala akikutana na machela ya Paro njiani: wanawake wawili wanaompenda mtu mmoja wanatazamana, hawasemezani, kila mmoja anashika njia yake. Yeye mwenyewe aliamini kuwa Chandramukhi ana uzito sawa na Paro, ndiyo maana alikataa tuzo ya filamu ya India iitwayo Filmfare, ya mwigizaji msaidizi. Kwa mjadala mnaoutaka, hapo pekee pana mazungumzo ya usiku kucha.

Mpenzi wa Sinema (Mombasa): Kwa heshima zote, naomba nimtetee Madhuri. Ni kweli kwamba Bhansali amejaza vito na vioo kila pembe, hata kovu la Paro la kupigwa na Devdas, ambalo riwayani linatokana na ufito wa kuvulia samaki, kwake linatokana na mkufu. Nami naona jambo hilo limepunguza ukali wa tendo lenyewe. Hata hivyo, Madhuri anaivaa Chandramukhi kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kudharauliwa mara nyingi na bado hajapoteza adabu yake. Aishwarya ni mzuri zaidi anapokasirika kuliko anapolia. Katika wimbo wa Dola Re Dola wanacheza pamoja, jambo ambalo riwaya haina, na mimi nalipenda, kwa sababu mke wa nyumba ya kitajiri anampokea mwanamke wa danguro kama mwenzake mbele ya watu.

Mama Wawili: Ile Dev.D ya 2009, filamu inayokisimulia kisa hiki kwa mtindo wa kisasa, iacheni kwa siku nyingine. Ni kazi nzuri, lakini si ya kutazamwa na wakwe.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Nimeamua tutazame ya 1955 yote, kisha Dola Re Dola peke yake. Je, wimbo huo utangulie au ufuate?

Msomaji wa Unguja: Ufuate. Wakishaona wanawake hao wakipishana kimya njiani, watakuwa na hoja za kuhukumu kama Bhansali alifanya haki kuwakutanisha. Na uhakikishe nakala yako ina maandishi ya tafsiri hata kwenye nyimbo, kwa kuwa nakala nyingi za filamu za zamani huziruka.