Mteja hakulipa, sasa anataka nifute kazi yangu: nani mwenye haki?

Mwanzisha mada, mchoraji wa grafiki, Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili waziwazi, maana linaumiza wengi wetu na kila mmoja analimeza peke yake.

Mwaka jana wakala mmoja wa matangazo hapa mjini alinipa kazi. Yeye naye alikuwa amepewa na kampuni inayohudumia mgodi, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa tatu kwenye mnyororo. Walitaka nembo, karatasi za barua, michoro ya kubandika kwenye malori na bango la usalama la langoni. Tulipatana dola 600, avansi, yaani malipo ya kutangulia, 150. Avansi ilifika kwenye simu siku ya pili. Nikafanya kazi wiki tatu, mara nyingi usiku, umeme unaporudi. Nikatuma mafaili yote. Jibu: "Kazi nzuri, tutakuita."

Hawakuita. Nikipiga simu, wakala anasema kampuni haijamlipa. Nikienda ofisini, mlinzi ananiambia bosi yuko Kolwezi. Miezi minane imepita hivyo. Halafu siku moja niko kwenye taksi, barabara ya Likasi, lori likatupita na vumbi lake, na mlangoni nikaiona nembo yangu. Ile herufi ya kwanza niliyoipinda mkia mara kumi na mbili mpaka ikakaa sawa, ndiyo hiyo hiyo. Nilishuka kabla ya kufika nilikokuwa nakwenda.

Mwezi uliopita nikaweka michoro saba kwenye potifolio yangu, ukurasa wa intaneti ninapoonyesha kazi zangu. Jioni ile ile ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ambayo haijawahi kupokea simu yangu: "Ile kazi ni ya kwetu. Uitoe leo, ao tutakupeleka kwa tribinali."

Wengi wananitetea kwa kusema: hawajalipa, basi bado ni yako. Nashukuru, lakini hoja hiyo siipendi. Kama haki yangu inatokana na deni, basi siku wakilipa nimefutika mimi. Ninachodai ni kikubwa zaidi: niliyechora ni mimi, wakilipa wasilipe, na kuonyesha nilichochora ni haki yangu.

Marehemu baba yangu alikuwa mchoraji wa kuta. Akishamaliza chupa na glasi yenye povu kwenye ukuta wa baa, alikuwa anachuchumaa, anachukua brashi nyembamba kuliko zote, na pembeni chini anaandika jina lake na namba ya simu, herufi za urefu wa kidole gumba. Wenye baa wengine walimdai subira miezi na miezi. Sikumwona hata mmoja aliyekuja na ndoo ya chokaa kufuta lile jina. Na mji huu ndio uliomlea Tshibumba Kanda Matulu, aliyesimulia historia ya nchi kwa picha miaka ya 1970. Mnunuzi alibeba turubai, sahihi ya mchoraji ikabaki juu yake. Sisi tunaochora kwa kompyuta tumekosea wapi hata jina letu liwe la kuombewa ruhusa?

Mwenye duka la uchapaji, Kamalondo

Dada, pole sana. Lakini mimi nakaa upande wa pili wa meza, acha niseme.

Kijana mmoja alinichorea lebo ya juisi ya mteja wangu. Kabla chupa hazijafika sokoni, akaiweka kwenye ukurasa wake apate sifa. Wiki mbili baadaye tukaona juisi nyingine yenye rangi zile zile na nanasi lile lile lililokatwa nusu. Mteja alinilaumu mimi. Nikapoteza oda ya lebo nzima. Yule kijana nilikuwa nimemlipa mpaka faranga ya mwisho.

Na kwako walitoa 150. Mtu akishatia pesa mezani, amenunua kitu. Fundi cherehani hawezi kuivaa suti yangu kwenye harusi ya mdogo wake eti sijamaliza deni.

Mwanzisha mada

Kaka, habari ya lebo imeniingia, nitairudia. Ila ya suti siipokei. Fundi akiivaa suti, wewe huwezi kuivaa siku hiyo. Mchoro wangu ukionekana kwenye potifolio, lori lao linaendelea kutembea nao bila kupungukiwa kitu. Tena ingia kwa fundi yeyote hapa mjini, komini ya Kenya au Kamalondo: ukutani amebandika picha za nguo alizoshona, na wenye nguo wanapita wanaziona. Ndivyo mteja mpya anavyojua kama huyu anajua kukata kola.

Mwanasheria, Lubumbashi

Dada, sehemu moja uko sawa kabisa, na sehemu moja umejipa zaidi ya kile sheria inachokupa. Nianze na nzuri.

Sheria yetu ni Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watunzi. Haki inazaliwa pale mtu anapotunga, kwa sababu tu ametunga. Mkataba wa Berne wa 1886, makubaliano ya mataifa juu ya haki za watunzi, ambao Kongo imo ndani yake, unasema ulinzi hautegemei kuandikisha popote. Na tangu ulipofanyiwa marekebisho Roma mwaka 1928 una kifungu cha 6bis: mtunzi, hata akishauza haki zake za kiuchumi, anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga. Lile jina la baba yako pembeni ya ukuta linasimama hapo.

Sasa lile gumu. Kusema "mimi ndiye niliyechora" ni jambo moja. Kuuweka mchoro wenyewe kwenye intaneti ni jambo lingine, kwa sababu huko ni kunakili na kuutolea hadharani, na hizo ni haki za kiuchumi. Haki za kiuchumi zinauzwa. Ukisaini karatasi inayozihamisha zote bila kujibakizia hata mstari mmoja wa "nitaruhusiwa kuonyesha", aliyenunua anaweza kukuzuia usiuonyeshe. Jina lako hawezi kukunyang'anya. Kwa hiyo usiseme "wakilipa wasilipe, kuonyesha ni haki yangu". Swali si malipo tu, ni kile ulichosaini.

Wewe hukusaini kitu. Avansi inathibitisha kulikuwa na makubaliano ya kazi, haithibitishi kwamba haki zilihama. Nimeona pia mikataba ya hapa iliyochotwa kwenye intaneti kwa Kiingereza, inayosema kazi iliyoagizwa ni mali ya aliyeagiza. Hayo ni maneno ya sheria ya Marekani, na hata huko hayafanyi kazi kirahisi hivyo. Mchonga sanamu James Earl Reid aliagizwa na shirika la kutetea watu wasio na makazi jijini Washington achonge familia isiyo na nyumba. Shirika lilibeba gharama, yeye akatoa jasho lake bure. Baadaye wakagombea sanamu, na shirika likadai yeye alikuwa kama mfanyakazi wao. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana: alitumia zana zake, kwenye karakana yake, alikuwa fundi wa kujitegemea, kwa hiyo kuagiza peke yake hakukuwafanya wao kuwa watunzi. Ikaacha mlango wazi kwa swali kama walitunga pamoja.

Na wakikutisha kwa habari ya alama ya biashara, hiyo ina sheria yake, ya tarehe 7 Januari 1982. Inamlinda mwenye alama dhidi ya wanaofanya biashara kwa alama yake. Wewe huwauzii watu huduma za mgodi.

Mpiga picha na video za harusi, komini ya Kenya

Maître, mwanasheria wetu, asante. Mimi naomba niseme lililonipata.

Maharusi walinilipa nusu. Nikasubiri miezi miwili. Nikakasirika, nikaweka picha thelathini hadharani: bibi harusi anavalishwa, wazazi wanalia, kila kitu. Nilijiambia picha ni zangu, nimepiga mimi. Siku ya tatu akaja nyumbani mama mzazi wa bibi harusi, peke yake, kitenge begani. Hakupiga kelele. Alisema: "Mwanangu, deni ni la bwana harusi. Huyu unayemwonyesha akivaa ni mtoto wangu. Yeye alikukopa nini?"

Nilizifuta akiwa bado amekaa. Deni mpaka leo sijalipwa lote. Lakini sitarudia.

Mwanasheria, Lubumbashi

Kaka, yule mama aliona kile ambacho wengi hawakioni. Hakimiliki ya picha ni ya kwako, lakini ndani ya picha kuna uso wa mtu, na uso una mwenyewe. Kanuni ya Dijitali, sheria ya nchi yetu juu ya mambo ya mtandaoni, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya data za binafsi. Kuwa mtunzi hakukupi maisha ya mtu mwingine.

Mtengeneza tovuti, Bukavu

Mnazungumza nusu avansi. Sisi huku tunaombwa "mfano kwanza". Watu watano wanatumiwa ujumbe ule ule: tufanyie ukurasa wa mbele, tukiupenda tunaanza. Unakesha siku nne. Hawachagui yeyote. Miezi mitatu baadaye tovuti inatokea, na mpangilio wako umo, umebadilishwa rangi tu. Ukionyesha ulichotengeneza, wewe ndiwe unaitwa mwizi wa kazi yao!

Kazi ya mfano sijauza, sijalipwa, sijasaini. Ninaionyesha, na chini naandika: pendekezo, halikutumiwa. Aliyeona shida aje na karatasi.

Mchangiaji, Ruashi

Dada, mbona mnazunguka? Taja jina la kampuni na la wakala. Weka picha ya lori. Andika WEZI kwa herufi kubwa. Utalipwa kesho.

Mwanzisha mada

Mkubwa, nimelifikiria hilo usiku mwingi, nisikufiche. Sitafanya. Siku nikiandika WEZI juu ya mchoro wangu, hautakuwa tena mchoro ninaomwonyesha mteja mpya. Utakuwa bango la ugomvi, na yeye atajiuliza kama kesho atabandikwa yeye. Potifolio si mahali pa kudai deni.

Maître, umenirekebisha na nimekubali. Nilichanganya jina na picha. Nina swali moja: kama kampuni kweli ilimlipa wakala na wakala akala, je, wao bado wana kosa kwangu?

Mwanasheria, Lubumbashi

Hapo ndipo penye kiini chote, na hapa kwetu, ambapo kazi inapita mikono mitatu minne kabla ya kumfikia fundi, kinajirudia kila siku.

Tenganisha njia mbili. Deni la dola 450 unamdai wakala, kwa sababu ndiye mliyepatana. Kampuni haina makubaliano na wewe, usiipelekee faktura ya kudai malipo. Kwa deni hilo una njia fupi: Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria zake zina utaratibu wa kumwomba rais wa mahakama atoe amri ya kulipa, bila kuanza kesi ndefu. Masharti ni kwamba deni liwe la hakika, kiasi chake kijulikane, na muda wake wa kulipwa uwe umefika. Zile meseji za "kazi nzuri", risiti ya avansi na siku ulipotuma mafaili, zikusanye zote. Usifute simu.

Haki za mchoro ni njia ya pili. Wakala hakuzipata kwako kwa maandishi, na mtu hauzi asichokuwa nacho. Kampuni inaweza kuwa ililipa kwa moyo safi, na bado haijanunua kile inachodhani imenunua. Usiwaendee kama adui. Inawezekana wao pia wamedanganywa, na wanahitaji sahihi yako kuliko unavyohitaji lori lao.

Mwenye duka la uchapaji, Kamalondo

Hili la mwisho limenifungua macho. Nimechapa mamia ya nembo nilizoletewa na mawakala na sijawahi kumwuliza hata mmoja: aliyechora amekuandikia? Kuanzia sasa kwenye karatasi yangu ya oda naongeza mistari miwili: nani amechora, na ataruhusiwa kuonyesha kuanzia tarehe gani. Lebo ya juisi ingekuwa na tarehe hiyo, yule kijana angesubiri bidhaa itoke na mimi nisingepoteza oda.

Mwanzisha mada

Kaka, tarehe hiyo naipokea kwa mikono miwili. Ndiyo niliyosema nitairudia.

Nimefanya hivi leo asubuhi. Bango la usalama nimelitoa, kwa sababu lina ramani ya lango lao na namba za simu za dharura, na hayo hayamhusu mtu wa nje. Mchoro mmoja wa karatasi ya barua nao nimeutoa, una jina la mkurugenzi na anwani yake. Mitano imebaki: nembo na malori. Chini yake hakuna neno la deni, ni jina langu na maneno "nembo na michoro ya magari".

Kwa wakala nimepeleka barua ya deni, dola 450, pamoja na nakala za meseji, siku kumi na tano. Kwa kampuni nimeandika barua nyingine, na naiweka hapa mniambie kama kuna neno la kubadilisha kabla sijaipeleka kesho:

"Waheshimiwa, nembo iliyo kwenye malori yenu nimeichora mimi. Sijamwandikia mtu yeyote kumwachia haki zake. Sina nia ya kuwasimamishia magari, wala siwadai malipo ambayo huenda mlishatoa kwa wakala wenu. Nipo tayari kuwaandikia ruhusa ya kuitumia, mara deni langu kwa wakala litakapolipwa, nami nibaki na haki ya kuionyesha kama kazi yangu. Mafaili ya asili ninayo, pamoja na michoro ya kwanza ya mkono, kumi na miwili, ya ile herufi ya mwanzo. Karibuni muione."

Mwanasheria, Lubumbashi

Ongeza tarehe uliyoanza kuchora. Mengine yaache kama yalivyo.