Mrejesho: majani ya mpera na kipokezi cha M3

Wakuu, asanteni sana kwa majibu. Niliuliza nikiwa Kisumu kuhusu seli za CHO (seli za hamsta zinazokuzwa maabara) zilizopandikizwa jeni ya kipokezi cha M3 cha binadamu, yaani protini inayopokea ishara ya kukaza misuli ya utumbo. Ukidondosha kabakoli, kemikali inayoamsha kipokezi hicho, kalsiamu hupanda ndani ya seli na rangi ya kuionyesha hung'aa. Nilipotanguliza dawa ya majani ya mpera, ile ya tumbo linalosokota, mng'ao ulizimika. Je, mpera unaziba kipokezi?

Mlinishauri nijaribu na ATP, kemikali inayoamsha vipokezi vingine, si M3. Seli hizi, zilizotokana na ovari ya hamsta wa China mwaka 1957, zina vipokezi vyake vya asili vya ATP, navyo hupandisha kalsiamu kwa njia ileile. Atropini, dawa inayoziba M3, ilifanya kama mlivyosema: kabakoli kimya, ATP inawaka kama kawaida. Mpera ukazima zote mbili! Nikahofia kwamba ukahawia wa majani unameza mwanga, lakini nilipoweka ionomisini, ambayo hupitisha kalsiamu bila kuhitaji kipokezi, seli ziling'aa vizuri.

Kwa hiyo si M3 peke yake. Yaelekea mpera unagusa hatua inayofuata baada ya kipokezi, na kwangu hiyo ni habari njema zaidi, kwa sababu tumbo linalosokota hukazwa na vichocheo vingi, si kimoja.

Sasa nitarudia bila kalsiamu kwenye maji ya nje, nione kama inayozuiwa ni ile ya akiba ya ndani. Mwenye uzoefu na EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu ya nje, anisaidie kiwango.