Naomba ushauri: hasira ya Achilles ni sifa au dosari?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimekwama, naomba msaada.

Nafundisha fasihi kidato cha tano, na nimewapa wanafunzi kazi ya kulinganisha shujaa wa tendi za Kigiriki na Fumo Liyongo wetu. Kwa nguvu, nasaba na kiu ya sifa hakuna shida: mama yake Achilles, shujaa wa Iliad (utendi wa Kigiriki wa vita vya Troya), ni Thetis, mungu wa bahari, naye Achilles anakubali kufa kijana ili jina lidumu. Tabu ni mwenendo wake. Mkuu wa jeshi lao, Agamemnon, anamnyang'anya Briseis, mateka wake wa kike, basi anasusa vita huku wenzake wakiteketea. Mpaka rafiki yake Patroclus auawe ndipo anarudi, anamuua Hector, shujaa wa Troya, na kuiburuta maiti nyuma ya gari la farasi. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu si mkorofi tu?" Nikabaki nafuta ubao uliokwisha kufutika.

Nimerudia kitabu cha 24 cha Iliad, pale mzee Priam, babake Hector, anapoibusu mikono iliyowaua wanawe, kisha wote wawili wanalia. Hapo utu upo, ila umechelewa mno. (Habari ya kisigino, kwamba ndipo pekee Achilles angeweza kudhurika, tuiache jamani, kwenye Iliad haimo.)

Sasa, hiyo hasira niifundishe kama sehemu ya ushujaa wake au kama dosari? Na Odysseus, shujaa mwingine wa Kigiriki, anayeshinda kwa hila na uongo, nimweke kundi moja naye au nimtenge?

Kazi naikusanya Ijumaa. Natanguliza shukrani.